Upatu wa Thomasin Raine

Mgodi ulipomfukia mumewe, Februari ya theluji chafu,
kampuni ilimpa Thomasin Raine majuma mawili ahame
na gunia moja la makaa ya mawe, la mwisho.
Hakulia mbele ya karani.
Alitoka, akaenda dukani kuuliza bei ya satini.

Kule kaskazini ya Uingereza, nyumba zimebanana kama meno,
mjane wa mgodi alikuwa na njia tatu:
kufua nguo za watu, kuolewa tena, au sindano.
Bibi akaanzisha upatu.
Wanawake ishirini, shilingi moja kila Jumamosi,
majina kwenye vikaratasi ndani ya kofia ya marehemu;
atakayetoka wa kwanza atafunikwa wa kwanza,
wa mwisho avumilie hadi baridi ya mwakani.

Mama yangu alikuwa na miaka sita.
Kazi yake kutunga uzi, sindano kumi na mbili kabla ya shule.
Fremu ilijaza sebule, ukuta hadi ukuta,
aliyetaka kufika jikoni alitambaa.
Chini yake mama alilala chali, akatazama mfarishi kwa tumbo:
sindano inachungulia, inarudi,
inachungulia,
na kidole cha kushoto cha mama yake kinaingoja kila mara
pale pale inapochoma.
Subana ilikuwa ya mkono wa juu. Mkono wa chini haukuwa na kitu.

Michoro aliitoa wapi? Hakuwa na kitabu.
Duara ni kisahani cha chai.
Unyoya ni wa bata wa jirani, aliulaza juu ya gazeti, akauzungusha penseli.
Msuko wa ukingoni tu ndio aliorithi:
kiolezo cha kadi, kingo zimelika, zimeingia chaki ya buluu.
“Msuko usikatike kwenye kona,” alisema.
“Ukikatika, umekata umri wa mtu.”
Mfarishi wa harusi yake mwenyewe una kona nne.
Tumezikagua. Sitasema zaidi.

Mgomo wa ishirini na sita, shilingi nazo ziligoma.
Kofia ikaning’inia msumarini miezi saba.
Jane Ann Tweddle, wa kumi na tisa, alilipa kwa viazi.
Wa ishirini alihamia Kanada, yeye na mfarishi na deni.

Mwaka jana alikuja binti wa makumbusho, glavu nyeupe.
Akasema “urithi”. Akasema “sanaa”. Nikamwekea chai mbali na kitambaa.
Alitaka tarehe. Alitaka kujua kama msanii alitia sahihi.
Nikamjibu: alitia, kila mwezi,
kwenye daftari la mwenye duka, mpaka satini ikalipika.
Kwamba mbwa wetu alizalia juu yake mwaka wa sabini na nane
sikumwambia.

Ndipo akakuta pale palipochanika, kwenye mkunjo.
Ndani, badala ya sufu,
kulikuwa na mfarishi mwingine.
Mkuukuu, wa viraka: mashati ya kazini,
kitu cheusi cha msibani, mstari wa aproni.
Mishono mikubwa, ya mtu asiye na subira
au asiye na taa.
Binti alivua glavu moja, nadhani bila kujua.
“Huu ni wa nani?”
Wa mama yake bibi. Au wa nyanya yake.
Au bibi aliununua mtumba, kwa kuwa sufu ilikuwa ghali.
Walioweza kujibu wamelala makaburi matatu mbalimbali.

Aliomba ruhusa aufumue, taratibu, kwa kibanio,
apige picha, arudishe kila kitu kama kilivyokuwa.
Nikasema nitafikiri.

Usiku ule ukaja na upepo wa kuchuna ngozi.
Nikatafuta sindano ya mama, nikatunga uzi mara ya nne,
nikapiga bandi saba, ndefu, mbaya,
kwa uzi mweusi maana ndio uliokuwapo.
Kisha nikalala chini yao wote.